Jina la Kabula kwenye Saruji

Minza mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Ilemela sisi ni wazima, na mama yako ameanza kutembea bila mkongojo.

Ile picha uliyopiga Kisesa, kwenye kaburi la mama yangu, nimeiona. Nyota ni siku ya kuzaliwa, msalaba ni siku ya kufa. R.I.P. ni kumwombea apumzike kwa amani. Na hiyo "M.W. MASANJA" unayoniuliza ni "mke wa Masanja". Basi!

Mwanamke amelima pamba mpaka mgongo umepinda, amezaa watoto tisa, halafu hana jina! Siku ya kujengea kaburi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Fundi alipouliza aandike nini, baba mkubwa ndiye aliyemjibu hivyo.

"Na jina lake?" nikamuuliza.

"Wanaomjua wanamjua," akasema, akaenda kula.

Saruji ilikuwa bado mbichi. Nikaokota msumari, nikaandika KABULA chini yake. Baba mkubwa aliporudi alifoka, akamwamuru fundi afute. Fundi akamtazama, akanitazama na mimi.

"Mzee, mwiko nimeshauosha," akasema.

Mpaka leo hasira haijaniisha. Na wewe sasa unaniuliza ni mhuni gani aliyechorachora chini ya maandishi mazuri ya fundi!

Mhuni huyo ni mimi. Ukirudi Kisesa nenda na brashi, usugue herufi zangu kwanza.

Bibi yako,
Nyamizi binti Kabula