Gego la Kaka Faraj

Kibokoni, Mombasa
Jumanne, 22 Novemba 1994

Kwa dada yangu mpenzi Khairiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuombea barua hii ikukute una nafuu, wewe na shemeji na watoto, na mama awe anapanda ngazi zake bila kushika ukuta. Nieleze magoti yake yakoje siku hizi, na kama bado anakataa kulala mchana. Huku kwetu watu wa mtaani ni wazima na wanakuulizia. Mvua za vuli zimenyesha vibaya, maji yakaingia mpaka uani kwetu, lakini hayakuharibu kitu.

Barua yako niliipata Ijumaa baada ya sala. Umenambia gego lako la chini upande wa kulia limetoboka, linakuuma ukinywa maji baridi, na kwamba Jumatatu ijayo utapanda basi uje nikuzibe kama nilivyomziba marehemu kaka Faraj, kwa kuwa mwenyewe alikusifia mkono wangu. Dada, usije kwangu. Nimemwomba Gharib, anayesafiri kuja huko Malindi, akuletee barua hii mkononi kesho ili ikuwahi kabla hujaondoka. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho, na kwanza uisome peke yako.

Wajua kaka alivyokuwa. Miaka kumi na tisa alipika halwa katika duka moja, na kila sufuria aliionja mara tatu, nne, kabla haijamiminwa. Tangu asubuhi mpaka alasiri mdomo wake ulikuwa na sukari. Meno yake yalianza kuoza bado kijana. La kwanza aling'olewa na mganga mmoja bila ya ganzi, watu wawili wamemshika mabega, na tangu siku hiyo akaapa kwamba hakai tena katika kiti cha mtu wa meno. Jino likimuuma alilijaza karafuu, akatafuna upande wa pili, akaendelea na kazi.

Nawe unajua kazi yangu kwa Daktari Zoher pale Ganjoni. Naosha vyombo, navichemsha, namkorogea dawa, namshikia taa. Hiyo tu. Lakini hapa mtaani watu walizoea kuniita daktari, nami sikumrudi hata mmoja. Ukweli ni kwamba nilipenda.

Mwezi wa Aprili kaka alinijia uso umemshuka. Alikuwa hajalala siku tatu. Nilimtazama mdomo nikaona gego la mwisho la chini lina shimo linaloingia ncha ya penseli. Nilimwambia twende kwa Daktari Zoher, akakataa. Nikamweleza kuwa siku hizi kuna sindano ya ganzi na hatasikia kitu, akasema hayo ndiyo waliyomwambia na mara ile. Kisha akaniambia, "Wewe upo pale kila siku unatazama. Nifanyie wewe."

Dada, ningeweza kukataa. Ningemkalia mpaka akubali, au ningemwita mama amwamuru, na mama angemwamuru. Badala yake nilisema ndiyo. Siku ya pili nilitoka kazini na unga mweupe kidogo wa kuzibia katika karatasi, mafuta ya karafuu ya kuukorogea katika kichupa, kioo kidogo cha kutazamia na kijiko cha kukwangulia. Baada ya alasiri nikamkalisha dirishani nyumbani kwake. Mkewe Mejumaa alitushikia tochi.

Daktari Zoher akiziba jino kwanza hutoa uozo wote kwa mashine, mpaka afike penye jino gumu na safi. Uozo ukiwa umefika kwenye mshipa, halizibi hivyo hivyo. Huusafisha mzizi mpaka chini, na isipowezekana huling'oa. Haya nimeyaona mara mia. Mimi nilikwangua kidogo, kaka akaruka, machozi yakamtoka, nami nikaogopa nikaacha. Nilitazama kwa kioo, na ndani bado kulikuwa kweusi. Niliuona ule weusi, dada. Nikaijaza dawa juu yake, nikaisawazisha kwa kidole, nikamwambia asitafunie upande huo mpaka kesho.

Baada ya siku chache maumivu yakatoweka. Yeye alidhani amepona, nami nikajilazimisha kudhani hivyo. Sasa najua kwamba mshipa ulikuwa umekufa ndani, na usaha ukabaki umefungiwa chini hauna pa kutokea. Kaka alinisifu dukani na msikitini. Watu wawili wengine wakaja, nikawaziba vilevile.

Agosti, siku ya Jumatano, shavu lilimvimba. Alisema ni baridi, Mejumaa akamkanda kwa chumvi ya moto. Nilipomwona Ijumaa, uvimbe umeshuka chini ya taya, mgumu kama ubao, ulimi umeinuliwa juu, na mate yanamtiririka kwa kuwa hawezi kumeza. Bado nilimpa vidonge vya maumivu tu. Jumamosi asubuhi ndipo nilipomchukua kwa Daktari Zoher, na kaka hakubisha tena.

Hili ndilo nililowaficha, wewe na mama na watu wote. Daktari alimfungua mdomo kwa shida, upana wa kidole tu, akaona dawa ile nyeupe. Akauliza, "Nani aliyeziba hili?" Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na taa mkononi. Niliendelea kumshikia taa. Kaka aligeuza macho akanitazama, kisha kwa sauti ile iliyokwisha kuzibwa akasema, "Mtu wa Mwembe Tayari. Simjui jina."

Daktari alilaani watu wa namna hiyo, akaandika barua, tukamkimbiza hospitali kuu saa ile ile. Walimfungua shingo kutoa usaha, wakamtoboa koo apate pumzi. Walihangaika naye wee, lakini sumu ilikuwa imekwisha kushuka kifuani. Jumapili alasiri akafa. Mlipokuja kuzika niliwaambia ni maradhi ya koo. Wapo waliosema ni jicho la watu, nami niliwaacha waseme. Maneno ya mwisho ya kaka niliyoyasikia kwa sikio langu yalikuwa uongo wa kunistiri mimi.

Barua yako ilipofika sikuweza tena. Jumamosi nilimwambia Daktari Zoher yote. Alinisikiliza akaosha mikono yake muda mrefu, kisha akaniambia nivue koti niliache pale kitini. Aliniagiza niwalete wale wawili niliowaziba, nikawaleta jana. Mmoja amesafishwa jino limeokoka, wa pili limeng'olewa. Hakutaka malipo kwao.

Jumapili nilikwenda kwa Mejumaa. Bado yumo edani, kwa hivyo nilikaa ukumbini na pazia kati yetu, mamake yupo. Nilimweleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Akauliza, "Lau ungempeleka siku ile ya kwanza, angepona?" Nikamwambia ndiyo, angepona, lilikuwa jambo la nusu saa. Akasema, "Mimi ndiye niliyeshika tochi." Kisha akaniambia niende, na nisirudi mpaka aniite. Hajaniita.

Sasa jino lako. Maadamu linauma kwa maji baridi tu na kisha linatulia, huenda bado linaokoka. Nenda kesho kutwa hospitali hapo Malindi, umuone daktari wa meno mwenyewe. Usikubali kuzibwa na mtu asiyekusafisha kwanza. Likianza kukudunda lenyewe, au ukiona shavu linavimba, usingoje hata siku moja, na maumivu yakikatika ghafla usifurahi, nenda vilevile. Usiku kabla hujalala piga mswaki, na chai uinywe bila ile sukari vijiko vinne.

Mama simwandikii barua yake peke yake. Sijui nianzeje. Mwambie wewe, dada, wala usinipunguzie kitu. Atakalolisema juu yangu niandikie kama alivyolisema.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mungu akupe afya, na amrehemu ndugu yetu.

Ni mimi nduguyo,
Kamaludin