Kiti cha Nyuma Yangu

Dada yangu kipenzi,

Usicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshonwa. Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Paka wako amezalia kwenye kabati langu, juu ya mashati ya kazini.

Najua umesikia redioni. Mumeo alikuja uwanja wa ndege na sare yake ya urubani, akaomba lifti kwenye kile kiti cha kukunjua nyuma yetu, ndani ya chumba cha marubani. Marubani hatunyimani kiti hicho. Nikamwambia, "Karibu, shemeji, funga mkanda."

Tulikuwa juu ya bahari, ndege ikijiendesha yenyewe, tunapiga soga alipouliza, "Umemficha wapi mke wangu?" Akachomoa shoka la dharura ukutani. Pigo la kwanza lilimpasua bega rubani msaidizi, la pili nikalikinga kwa mkono. Damu iliruka mpaka kwenye vioo. Nikamkaba koo, nikambamiza kichwa mlangoni mpaka akalegea, wahudumu wakamfunga kwa mikanda.

Akiwa amefungwa vile, puani damu tupu, akasema, "Mwambie arudi. Nimebadilika." Nikampiga teke la mdomo, meno yakamwagika. Hilo polisi sijawaambia.

Nakuambia wewe, kwa sababu ulishaniandikia maneno hayohayo: amebadilika, unafunga mizigo urudi kwake. Nilikuamini, dada. Ndiyo maana nilimpa kiti nyuma ya mgongo wangu.

Fungua hiyo mizigo.

Mdogo wako