Hukumu ya Bruseli

Kasulo, Kolwezi, 6 Februari

Mdogo wangu Zena,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, mimi, Bilkisi na watoto. Mgongo wa Bilkisi tu ndio unaomsumbua. Na wewe, baridi ya Bruseli unaionaje?

Habari si nzuri. Kampuni moja ya madini imepewa Kasulo yote, inajenga ukuta kuzunguka mtaa. Kobalti itanunua yenyewe tu, na yote inaenda kwa kampuni moja kubwa ya simu. Depo yangu ya kununulia kobalti wameifunga. Unajua desturi yetu: mchimbaji hauzi gunia kwa mnunuzi wa kwanza mpaka mashine ya depo ya pili ipime kiwango cha kobalti. Sasa mashine ni moja, ikisema asilimia mbili, ni mbili. Mimi hata uchungu siusikii. Nashinda nimekaa pale nje ya depo.

Nyumba pia wanaitaka. Atakayesaini kabla ya mwisho wa Aprili atapata kiwanja njia ya Nzilo. Asiyesaini hapati kitu. Nisaini? Wewe ndiye uliyesoma.

Yaya yako, Omari

Bruseli, 1 Machi

Yaya Omari, kaka yangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, mpe pole wifi Bilkisi.

Usisaini! Unajua nasafisha ofisi za mawakili. Kampuni hiyo ya simu imeshtakiwa hapa na mshindani wake, kwamba inajifungia kobalti yote ili wengine wakose betri. Sheria ya huku haimruhusu mmoja kumeza soko zima. Mawakili wenyewe wanasema itashindwa. Ikishindwa, ukuta utabaki wa nini? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Safari hii kunguru ni sisi, Yaya.

Mdogo wako, Zena

Kasulo, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Salaam. Sisi wazima, natumaini nawe.

Barua yako niliwasomea majirani. Kisimba wa nyumba ya pili akasema: "Tata Omari, mi naenda kusaini. Tribinali ya bazungu haiyuwe hata Kasulo iko wapi." Nilimcheka sana, eti mahakama haijui tulipo. Jana amepakia mabati yake, akahama.

Leo saa tisa walifunga daftari la kusaini. Sikwenda.

Yaya yako, Omari

Bruseli, 19 Juni

Yaya mpenzi,

Hamjambo wote? Tumeshinda! Kampuni ya simu imehukumiwa, lazima imwachie mshindani wake sehemu ya kobalti. Habari za Kasulo bado sijazifikia, hukumu ina kurasa mia mbili. Mbona kimya tangu Aprili?

Mdogo wako, Zena

Bruseli, 8 Julai

Yaya,

Nimeimaliza. Kasulo haimo. Wala Kolwezi, wala Kongo.

Na mawakili hawakuniambia kitu. Niliokota karatasi ya kesi kwenye pipa lao la taka, nikasoma nusu. Nilitamani mara moja nikuletee habari njema. Naona aibu. Nisamehe, niandikie.

Mdogo wako, Zena

Njia ya Nzilo, 2 Agosti

Zena,

Salaam. Tuko wazima. Barua zako mbili nimezipata pamoja. Tunakaa uani kwa Kisimba, chini ya turubai. Nyumba waliivunja tarehe 11 Mei, haikuchukua hata nusu saa. Sikulia. Bilkisi naye hakulia, alikuwa anakunja nguo.

Kisimba aliuliza hukumu ilisemaje. Nilimwambia tumeshinda. Alicheka, nami nikacheka kidogo.

Hasira nimeitafuta, sikuiona. Bilkisi ameniomba nikuandikie neno moja, nami sikumkatalia: ukiandika tena, andika salamu tu.

Omari