Vifungo vya Shati la Mzee Salim

Kasubi, Kampala
Alhamisi

Dada yangu Mwanasha,

Pokea salamu za mdogo wako anayekukumbuka kila akipika. Mguu wako umepoa? Na Mama, bado anagombana na jirani kwa ajili ya kuku? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia. Barua hii sikuitia posta. Nimempata mama wa Kikongo muuza vitenge, anaondoka usiku huu kuja huko Mombasa mwenyewe. Ukishaisoma, ichome.

Nilikwambia kwamba mwenye nyumba wangu, Mzee Salim, alichukuliwa na askari dukani kwake baada ya sala ya Ijumaa. Mkewe, Bi Nuru, amezunguka ofisi zote, na kote anaambiwa mtu huyo hajulikani. Nilimsihi tuondoke sote, tuje kwenu. Akanijibu, "Mwanangu, nitaondokaje na sijui mume wangu yu hai au kafa?"

Sasa sikiliza. Bado nawafundisha Kiingereza wanaume wa serikali wanaotafuta cheo. Zoezi langu ni lile lile ulilokuwa ukinicheka: nenda kazini kwako, tazama, kisha uandike sentensi tano za mambo yanayoendelea sasa hivi. Nani anafanya nini, anafanyaje, na wapi: juu ya nini, chini ya nini, nyuma ya nini. Kubuni ni marufuku. Unanijua kwa ukali, na ukali huo ndio ulioniponza.

Kuna Sajini mmoja, mpole, viatu vinang'aa, hukaa dawati la mbele. Wiki tatu zilizopita aliandika kwamba taa inawaka daima juu ya mlango. Maji yanadondoka polepole ndani ya ndoo. Mzee mmoja amekaa kimya chini ya dirisha, anahesabu taratibu vifungo vya shati lake.

Kalamu ilinidondoka, Dada. Mzee Salim hakuwa mtu wa kushika tasbihi. Tangu nimjue anavuta uradi kwa vifungo vya shati, kila kifungo jina la Mungu, hata watoto wa chuo cha Kurani wakimcheka. Nikampa Sajini kumi juu ya kumi. Bi Nuru nilipomwambia alilia sana, kisha akapika wali, wa kwanza tangu siku ile.

Toka hapo kila Alhamisi nikitoka darasani Bi Nuru hunisubiri nyumbani, nyuma ya pazia la kijani la mlangoni. Wiki iliyofuata mzee alikuwamo tena. Nikapandwa na ushujaa wa kijinga, nikamwandikia Sajini sentensi moja chini ya kazi yake: mzee anakwenda nyumbani haraka. Akaisoma, akatabasamu.

"Mwarimu, wewe alisema tuandike ile kitu iko naendelea," akasema. "Hii haiko naendelea."

Leo ameleta zoezi jingine. Taa inawaka. Maji yanadondoka. Mtu anafagia kwa bidii chini ya dirisha. Shati linaning'inia kimya juu ya msumari. Na ya tano: mama mmoja anangoja kwa subira nyuma ya pazia la kijani.

Sijawahi kumwambia Sajini ninakokaa. Naogopa, Dada.

Nilipofika nyumbani, Bi Nuru akauliza, "Yumo?" Nikamjibu, "Yumo, anahesabu." Mimi huyu, nisiyemruhusu mtu kubuni. Sasa namsikia jikoni akichambua mchele huku akiimba kwa sauti ndogo, na uongo wangu ndio unaomfunga katika nyumba hii. Nikishaifunga barua nitakwenda kumwambia ukweli. Kesho asubuhi kuna basi la kuja huko.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi mkunga. Mama mwambie nimenenepa, basi. Tandika vitanda viwili chumba cha uani. Ukiniona nimeshuka peke yangu, usiniulize mbele ya watu. Nipe maji kwanza.

Mdogo wako,
Rukia