Meza Mlangoni mwa Bani

Mume wangu Elia,

Shikamoo yako imefika, marahaba mjukuu wangu. Huku Usoke mvua imeanza, na babu yako anadai kikohozi kimemwacha, ingawa mimi namsikia.

Unauliza kwa nini akina mama wa hapo kiwandani unakofanya mafunzo wamenuna tangu ulipozisogeza meza zao karibu na mashine. Umewapunguzia kutembea, mwalimu wako amekusifu, wao hawakusalimii. Uhandisi wa viwanda siujui, lakini tumbaku naijua.

Nilipoolewa hapa, wanawake tulitoa majani makavu ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, tukavuka uwanja kwenda kuyachambua mezani ng'ambo. Baba mkwe akatuonea huruma, akaileta meza hadi mlangoni mwa bani. Kazi ilikimbia kweli. Lakini harufu ilitukaba, vichwa vikauma, nyimbo zikakatika. Kumbe pale uwanjani ndipo tulipokuwa tunapata hewa, na kusemezana ya kwetu.

Siku moja mama mkwe akashika meza upande mmoja, akaniambia, "Shika huko." Tukairudisha ng'ambo ya uwanja. Baba mkwe aliporudi aliitazama meza, akatutazama sisi.

"Haya," akasema, "nipeni basi maji ya kunywa."

Hukukosea kuwahurumia, mume wangu. Ila kabla hujaandika ripoti, waombe wakuonyeshe njia waliyokuwa wakipita. Itembee pamoja nao, na ile saa yako ya kupimia kazi iache mezani.

Mkeo mkubwa,
Bibi Agnesi