Kanga ya Kuingilia Uani

Dada Eliaika, shikamoo.

Baiskeli imenileta peke yangu toka Tabora mpaka Meru, na leo nimepanda hadi pale tulipozaliwa. Usinicheke: nusu ya mlima niliisukuma, na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita akinipa pole.

Nyumba yetu sasa ni ya bibi mmoja aliyenizidi miaka mingi. Nilimwamkia, nikaomba niingie kuona mibuni ya baba. Akaitazama kaptula yangu ya kubana, akaziba njia.

"Mkwe wangu yumo uani. Akuone hivyo, mzee mzima?"

Miaka hamsini nimeutamani ua ule, halafu nazuiwa na kaptula! Nikamweleza kwamba inazuia michubuko.

"Basi kachubukie barabarani."

Nadhani uso wangu ulimtia huruma, maana alileta kanga, akanifunga kiunoni mwenyewe, akaikaza kama anayemvalisha mtoto.

Imebaki mibuni mitatu, Dada, ile ya kando ya mfereji, na bado inazaa. Nilisimama hapo hadi bibi akaniita kula loshoro, mahindi yenye maziwa ya mgando. Nilipotaka kumrudishia kanga, alikataa.

"Nenda nayo. Mjini nako kuna wakwe za watu."

Basi nimeingia Arusha na kanga kiunoni, bodaboda wakinipigia honi hadi Levolosi, wala sikuona aibu. Magoti yako yapone upesi, uje uione mibuni kwa macho yako. Wewe utaingia bila kuzuiwa.

Mdogo wako akupendaye,
Elisa