Soli Nyembamba

Fungurume, 3 Septemba 2023

Ndugu Kabemba,

Salamu nyingi. Natumaini mko wazima huko Musonoi, wewe na nyumba yako yote. Mimi sijambo, ila vumbi la barabara limenikaa kifuani.

Ni mimi René, yule mwalimu wa michezo uliyemkodolea macho miguuni tulipokuwa tunangoja gari pale Manika. Nilidhani unataka kuniibia viatu, kumbe na mimi nilikuwa naangalia vyako! Tangu nivinunue hivi vyangu kwenye mitumba, vyembamba na bila kisigino, watu wananicheka. Mke wa mkuu wa shule aliniuliza kama nimesahau kuvaa. Wewe peke yako ndiye uliyeniuliza, "Udongo unausikiaka?" Naisikia ardhi, ndugu, na goti langu bovu limetulia.

Nitengenezee jozi kama yako. Mguu wangu nimeuchora nyuma ya karatasi hii. Ninampa Lucien, dereva wa gari la Kolwezi. Simu yako najua iliingia maji shimoni mnakochimba madini, lakini usijali, barua inakaa vizuri ndani ya kiatu.

Ndugu yako,
René


Musonoi, 17 Septemba 2023

Yaya René,

Nakuita yaya, kaka mkubwa, maana mvi zako nimeziona. Huku hatujambo. Mke wangu Abigaëlle anakusalimu. Mtoto alikuwa na homa, sasa imeshuka. Goti linaendeleaje?

Viatu ndivyo hivyo. Soli ni mpira wa ndani wa gurudumu la lori, tabaka moja tu, na juu ni turubai. Shimo tunalochimba halina ngazi. Tumechonga vishimo ukutani, unashuka ukivitafuta kwa vidole vya miguu, kwa hiyo mguu ndio unaoona. Wenzangu wanashuka pekupeku na mwamba unawakata. Ukivaa kiatu kinene unakuwa kipofu. Ndipo nikabuni hivi. Hapa wananiona mwendawazimu. Dodo tu, mwenzangu wa shimoni, ndiye aliyeniomba jozi, na yeye ni kwa uvivu wa kutafuta vingine.

Siku ile Manika nilicheka njia nzima. Kumbe tuko wawili.

Mdogo wako,
Kabemba


Fungurume, 15 Oktoba 2023

Mdogo wangu Kabemba,

Habari za siku nyingi? Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Msalimie sana shemeji.

Viatu vimenikaa kama soksi. Nakimbia navyo kila asubuhi, na walimu wawili waliokuwa wananicheka sasa wanauliza fundi ni nani. Nikuambie ukweli: tangu mke wangu afariki sijaongea na mtu kwa furaha juu ya jambo dogo kama kiatu. Sikujua kwamba nilikuwa nimepungukiwa kiasi hicho. Nikimwona Lucien anaegesha gari, natoka darasani.

Shika hapo hapo, mdogo wangu. Mguu wa mtu haukuumbwa kufungiwa sandukuni. Asije mtu akakuvalisha buti hata siku moja! Nasema kama yaya wako.

Yaya,
René


Musonoi, 12 Novemba 2023

Yaya René,

Hujambo? Afya yako? Sisi tunavuta siku. Mvua zimeanza.

Kuna jambo. Ushirika unaosimamia shimo letu umetengeneza kila kitu upya. Wameweka ngazi, wameweka nguzo za kushikilia dari, na wamegawa mabuti yenye chuma puani. Asiyevaa haingii. Niliyajaribu. Katikati ya ngazi sikujua mguu wangu uko wapi, nikarudi juu. Nikamwambia msimamizi kwamba yaya wangu, mwalimu kabisa, amesema mguu haufungiwi. Akanijibu mbele ya watu, "Basi, enda uchimbe kwa yaya yako."

Niliondoka na kiburi changu. Sasa nachimba na Dodo nyuma ya nyumba za watu, kwenye tundu ambalo halina msimamizi wala nguzo. Abigaëlle ananiambia kila asubuhi, "We uko na kichwa nguvu. Vaa ile mabuti, rudia kwa benzako. Mutoto anakula bilato, ile viatu yako?"

Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Kabemba


Musonoi, 10 Desemba 2023

Yaya,

Salamu. Lucien anasema barua alikupa mkononi. Labda unaumwa, au shule imekubana.

Maji yanaingia kila mvua ikinyesha, tunayachota kwa ndoo. Yaani ninayachota mimi, maana Dodo ameniacha. Amerudi ushirika na amevaa mabuti. Anasema mtu anazoea.

Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako


Fungurume, 28 Januari 2024

Mdogo wangu Kabemba,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa kuisema. Shemeji hajambo? Mtoto?

Sikuumwa wala shule haikunibana. Kila niliposhika kalamu niliona haya. Maneno ya buti niliyaandika mimi, na ulipoyataja mbele ya msimamizi moyo wangu ulivimba kwa furaha. Sikutaka kuyameza. Lakini mimi nakimbia barabarani halafu narudi nyumbani kunywa chai. Wewe una mlima juu ya kichwa.

Vaa mabuti, Kabemba. Toka kwenye tundu hilo leo hii, nenda kamwombe msimamizi radhi, na ukitaka umwambie kwamba yaya wako ni mpumbavu. Miguu itazoea. Viatu vyetu utavaa Jumapili. Sitaki tuwe marafiki wa namna hii, mmoja anasifu na mwingine anashuka.

Nijibu upesi, nisipopata neno nitakuja mwenyewe.

Yaya wako,
René


Musonoi, 4 Februari 2024

Shemeji René,

Nakusalimu. Natumaini uko salama. Sisi tupo.

Lucien alileta barua yako Alhamisi akanikuta nimekaa chini kwenye mkeka pamoja na mama zangu. Alikuwa hajapata habari. Kabemba tulimzika tarehe ishirini ya Januari. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, kesho yake akashuka, na ukuta ukamwangukia. Dodo na wenzake wa ushirika ndio waliofukua mpaka wakampata. Ulipokuwa unaandika, yeye alikuwa kaburini tayari.

Barua nimeisoma mwenyewe. Kwanza nilitaka kuitia motoni, kisha nikaisoma tena. Umeandika vizuri. Umeandika yote niliyokuwa nikimwambia mimi kila asubuhi.

Watu wanaokuja kunipa pole wanasema ni mvua, wengine wanasema ni mapenzi ya Mungu. Dodo anasema hata ungejibu mapema, Kabemba asingebadilika, alikuwa mtu wa kichwa nguvu. Anataka nipate usingizi, namshukuru.

Lakini mimi niliishi naye. Mwezi wa Desemba wote alikuwa anakwenda kusimama barabarani kungoja gari la Lucien. Siku moja nilimuuliza, "Na yaya akisema uvae?" Akacheka, akaniambia, "Yaya akisema, mi navaa. Nitafanya je?"

Nimeona ulijue.

Shemeji yako,
Abigaëlle